Moja ya saba isiyolipwa: wenye fleti walivyochukua usimamizi wa jengo lao London

Jengo lenyewe ni dogo: ghorofa tatu, fleti saba, ngazi moja, mlango mmoja wa kuingilia, paa la vigae. Lipo mashariki mwa London na lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Fleti sita ziliuzwa kwa hati za pango la miaka 125. Ya saba, iliyo chini karibu na mapipa ya taka, mwenye ardhi hakuiuza. Ameibakiza mkononi mwake na huipangisha kwa mikataba ya muda mfupi. Msomaji asiisahau fleti hiyo, maana kisa chote kinaizunguka.

Niliingia katika habari hii kwa kuitwa. Mama mmoja mwenyeji wa Tanga, mhasibu mstaafu, mwenye fleti namba 3, aliniomba nimsomee barua za wakala wa jengo. Si kwamba Kiingereza kilimshinda. Kilichomchosha ni zile kurasa za maneno ya kisheria zinazomwambia mtu kwamba adai asidai, atalipa. Nilikwenda kusoma barua, nikabaki hadi mwisho.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, kwanza mpangilio wenyewe. Anayenunua fleti Uingereza kwa kawaida hanunui jengo wala kipande cha ardhi. Hununua haki ya kukaa ndani ya fleti kwa miaka 99, 125 au zaidi. Kuta za nje, paa, ngazi na uwanja hubaki vya mwenye ardhi, ambaye mara nyingi ni kampuni isiyofika pale hata siku moja. Kampuni hiyo humteua wakala wa kusimamia jengo, na wakala huwatumia wenye hati ankara ya ada ya huduma: bima, usafi, taa za ngazi, matengenezo, na malipo yake mwenyewe. Anayechagua wakala hatoi fedha, na anayetoa fedha hachagui. Kenya kwa sheria ya mwaka 2020, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2008, zimechukua njia nyingine: mwenye sehemu ya jengo anapata hati ya sehemu yake, na wenye sehemu wote kwa pamoja wana chombo chao cha kuendesha maeneo ya pamoja. Uingereza na Wales nao walitunga mfumo wa namna hiyo mwaka 2002, lakini majengo yaliyoufuata ni machache sana. Walio wengi wamo katika mfumo wa zamani, na sheria hiyohiyo ya 2002 iliwapa njia ya pembeni: haki ya kusimamia.

Malalamiko ya wakazi yalikuwa ya kawaida, na kwa kuwa ni ya kawaida sitayarefusha. Katika miaka sita ada ilipanda kutoka pauni 1,300 kwa fleti hadi pauni 2,100. Paa lilikuwa linavuja juu ya fleti namba 6, na kila barua ilijibiwa kwamba akiba ya matengenezo haitoshi. Bima ya jengo ilikatwa kupitia dalali aliyechaguliwa na mwenye ardhi, bila mtu kuulizwa. Taa ya ngazi ya juu ilikaa gizani kipupwe kizima.

Njia walizokuwa nazo zilikuwa nne. Wangeweza kwenda kwenye baraza la mali, ngazi ya kwanza, kupinga kiasi cha ada kwa kifungu cha 27A cha sheria ya mwaka 1985. Baraza huamua kama gharama ni ya haki, lakini wakala anabaki yuleyule na mwakani mnarudi. Wangeweza kuomba baraza liteue msimamizi chini ya sheria ya 1987, ila hapo lazima uthibitishe makosa ya anayesimamia, na ushahidi wa makosa unagharimu. Wangeweza kununua ardhi yote kwa pamoja chini ya sheria ya 1993, jambo zuri kuliko yote kwa mwenye fedha, na wao hawakuwa nazo. Ya nne ndiyo haki ya kusimamia. Hapo huhitaji kuthibitisha kosa lolote wala kulipa bei yoyote. Mwenye ardhi anabaki na ardhi yake na pango lake la ardhi, yaani kodi anayolipwa na wenye hati kwa ajili ya ardhi, bali kazi ya kuendesha jengo inahama kwenda kwa kampuni ya wenye hati wenyewe.

Nilikubaliana nao kwamba njia hii iliwafaa. Niliwaambia pia jambo ambalo majirani wenye hasira hawapendi kulisikia: kinachohama ni kazi. Hati hazibadiliki. Kama hati ina tundu, mnalirithi tundu.

Swali la Mama

Jioni moja jikoni kwake nilimkuta ametandaza hesabu za miaka sita mezani, kalamu nyekundu mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa hapa. Hebu niambie, hati yangu inasema nalipa moja ya saba. Ya jirani wa juu nayo moja ya saba. Tuko sita. Ile moja ya saba nyingine analipa nani?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko malalamiko yote ya taa na ngazi. Tulipokagua hati zote sita, kila moja ilisema mwenye fleti atachangia moja ya saba ya gharama. Jumla yake ni sita ya saba. Gharama za mwaka wa mwisho zilikuwa pauni 14,700, zilizokusanywa kwa wenye hati zilikuwa pauni 12,600. Pengo la pauni 2,100 liliandikwa chini kabisa ya ukurasa kama upungufu, kisha likazibwa kutoka akiba ya matengenezo. Mwaka uliotangulia hivyohivyo, na uliotangulia huo pia. Mwenye ardhi alikuwa anapokea kodi ya fleti ya saba kila mwezi, na paa lililoifunika lilikuwa linalipiwa na majirani. Akiba iliyoambiwa haitoshi kukarabati paa ilikuwa imelika polepole kwa kuziba fungu lake.

Hapo ndipo niliposema twende kwenye kifungu cha 103 cha sheria ya 2002. Sijui kwa nini hakizungumzwi sana miongoni mwa wenye fleti, kwani kwa majengo madogo ya namna hii ni cha manufaa makubwa. Kinasema hivi kwa maana yake: ikiwa ndani ya jengo mna fleti moja isiyo mikononi mwa mwenye hati ya muda mrefu, na mafungu ya wenye hati wote ukiyajumlisha hayafiki gharama nzima, basi baada ya kampuni ya wenye hati kuchukua usimamizi, mwenye fleti hiyo anapaswa kuilipa kampuni tofauti yote inayobaki. Hapa mwenye ardhi mwenyewe ndiye mwenye fleti ya saba, kwa hiyo deni ni lake. Halitoki katika hati yoyote, kwa sababu fleti hiyo haina hati. Linatoka katika sheria moja kwa moja.

Wengi huingia kwenye haki ya kusimamia wakitafuta wakala mwenye adabu. Hawa walipata sababu iliyo nzito zaidi: kuchukua usimamizi kungeingiza pauni 2,100 kwa mwaka ambazo hazikuwahi kuingia, bila hata mmoja wao kuongezewa ada. Tundu la hati zao liliziba kwa kitendo kilekile cha kuchukua usimamizi. Ndiyo maana nasema kwanza jumlisheni mafungu, ndipo mgombane na wakala. Jengo ambalo mafungu hayajumliki na halina fleti ya kuangukia kifungu hicho linaweza kujikuta kampuni yake inadaiwa gharama ambazo haiwezi kumtoza mtu yeyote, na hapo dawa ni kuliomba baraza libadilishe hati kwa sheria ya 1987. Hiyo ni safari nyingine kabisa.

Nne kwa saba

Masharti ya jengo yalitimia bila taabu. Lazima angalau theluthi mbili ya fleti ziwe na hati za zaidi ya miaka 21. Sita kwa saba inavuka. Eneo la biashara lisizidi nusu ya jengo, kiwango kilichoanza 3 Machi 2025, kabla yake kilikuwa robo. Kwao halikuwepo duka lolote, lakini nataja kwa ajili ya wanaoishi juu ya maduka, ambao wengi walikataliwa zamani na leo mlango umefunguka. Tarehe hiyohiyo ilileta nafuu nyingine: zamani kampuni ya wenye hati ililazimika kulipa gharama za mwanasheria wa mwenye ardhi za kushughulikia madai, sasa kwa kawaida kila upande unabeba zake. Kwa watu wa jengo la fleti saba, hilo ndilo lililowafanya wasubiri hadi Machi ipite.

Idadi ya watu ilikuwa jambo gumu zaidi. Siku ya kutoa notisi ya madai, wanachama wa kampuni lazima wawe na angalau nusu ya fleti zote za jengo, na hesabu inafanywa juu ya fleti zote saba, pamoja na ya mwenye ardhi. Nusu ya saba ni tatu na nusu, kwa hiyo nne. Wao walikuwa nne kamili: namba 1, 2, 3 na 6. Mzee wa namba 4 alikataa katakata. Mwenye namba 5 ni Mzanzibari anayeishi Muscat, fleti yake ameipangisha, na barua pepe zetu hakuzijibu. Mmoja tu wa wale wanne angeuza fleti au kughairi kabla ya siku ya notisi, shughuli ingekufa.

Kampuni iliundwa, isiyo na hisa, ya dhamana ya pauni moja kwa mwanachama, kwa katiba iliyowekwa na kanuni za mwaka 2009. Katiba hiyo huichagui wala huirembi, unaichukua kama ilivyo. Kisha ikaja notisi ya mwaliko. Sheria inataka kila mwenye hati ambaye si mwanachama apelekewe mwaliko wa kujiunga, na siku 14 zipite kabla ya notisi ya madai. Tulipeleka miwili, wa namba 4 na wa namba 5. Wa namba 5 ulipelekwa kwenye fleti yenyewe, London, na nakala ikatumwa Muscat kwa hisani. Posta ikatoa cheti cha kutumwa, Mama akakitia kwenye faili lake.

Notisi ya madai ilitoka Aprili 2025. Ilitaja tarehe ya mwisho ya mwenye ardhi kujibu, mwisho wa Mei, na siku ya kuchukua usimamizi, 1 Septemba. Sheria inataka mwezi mmoja kwa jibu na miezi mitatu mbele yake. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kwa mujibu wa hati, ada hulipwa nusu mbili kwa mwaka, 25 Machi na 29 Septemba. Mkichukua jengo kabla ya 29 Septemba, nusu ya pili ya ada inalipwa kwenu. Mkichukua baada yake, imekwishalipwa kwa wakala, na nyinyi mnaingia kipupwe mikono mitupu hadi Machi.

Pingamizi

Jibu la mwenye ardhi lilifika siku chache kabla ya muda kwisha, na lilikuwa na hoja moja: mwaliko wa namba 5 haukutolewa inavyostahili kwa kuwa mhusika anaishi nje ya nchi na kampuni ilijua. Hoja ilionekana nzito kwa asiyejua. Lakini kifungu cha 111 kinairuhusu kampuni kumpelekea mwenye hati notisi kwenye fleti yake, isipokuwa kama yeye ameitaarifu anwani nyingine iliyo ndani ya Uingereza na Wales. Muscat haimo. Mwaliko ulifika pale ulipotakiwa kufika.

Hata kama ungekosewa, mambo si kama zamani. Kwa miaka mingi wenye ardhi walizoea kuangusha madai kwa kasoro ndogo za makaratasi, na majengo yalianza upya mara mbili na tatu. Tarehe 16 Agosti 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Tudor Studios, makazi ya wanafunzi mjini Leicester, ambako mwenye pango mmoja wa kati, aliye baina ya mwenye ardhi na wenye hati, hakupelekewa notisi ya madai kabisa. Mahakama ilikataa kwamba kasoro hiyo peke yake inaua madai. Iliuliza kama aliyerukwa alinyimwa nafasi ya maana ya kupinga, na kwa kuwa hoja zake zilikuwa zimesikilizwa na baraza, madai yakasimama. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Haki ya kusimamia ilitungwa itumiwe na watu wa kawaida wasio na mawakili, na mtu wa kawaida hukosea anwani.

Pamoja na hayo, pingamizi likishatolewa, saa inaanza kwenda kinyume na wenye hati. Wana miezi miwili ya kupeleka maombi kwenye baraza, wasipopeleka madai yanahesabiwa yameondolewa. Maombi yalipelekwa, na cheti cha posta kikaambatanishwa. Agosti, kabla ya kusikilizwa, wanasheria wa mwenye ardhi waliandika kwamba mteja wao anakubali kampuni inayo haki. Wengi pale walishangilia. Mama hakushangilia. Alifungua kalenda. Mwenye ardhi akikubali kwa maandishi baada ya kupinga, siku ya kuchukua usimamizi inakuwa miezi mitatu tangu siku ya kukubali. Kutoka 1 Septemba tulisukumwa hadi Novemba, na ada ya 29 Septemba ikaenda kwa wakala wa zamani.

Sisemi kwamba pingamizi liliwekwa kwa nia hiyo. Nasema matokeo yake yalikuwa hayo, na anayepanga tarehe zake apange akijua kwamba jibu dhaifu kabisa linaweza kumnunulia mwenzake msimu mzima wa ada.

Siku ya makabidhiano

Kifungu cha 94 kinamtaka aliyekuwa anasimamia akabidhi ada iliyokwishalipwa na haijatumika, siku hiyo au mapema iwezekanavyo baada yake. Zilikuja pauni 3,100 na ukurasa mmoja wa maelezo. Wakazi walitaka papo hapo kudai pia yale mafungu ya fleti ya saba ya miaka sita. Niliwaeleza kwamba kifungu hicho kinahusu fedha zilizolipwa kweli kama ada na hazijatumika. Fungu ambalo mwenye ardhi hakuwahi kulipa halimo humo. Deni hilo la zamani, na namna akiba ilivyoliwa kwa kulizibia, ni kesi ya pekee, yenye hoja ya amana na ukomo wa miaka ya kudai. Waliamua kuiweka kando mpaka paa liishe. Nadhani waliamua sawa, kwani kampuni changa yenye pauni 3,100 haianzi maisha kwa kesi ya fedha za jana.

Bima ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko yote. Siku wajibu unapohama, bima ya mwenye ardhi inaweza kukoma usiku huohuo, na jengo lisilo na bima hata kwa siku moja ni hatari kwa kila aliyekopa benki kununua fleti. Bima mpya ilianza siku ileile ya makabidhiano, ikilipwa kwa mwezi kwa sababu fedha ya mwaka mzima haikuwepo. Ya zamani ilikuwa pauni 4,410 kwa mwaka, mpya ikawa 3,150 kwa kinga ileile. Tangu 31 Desemba 2023 kanuni za FCA, msimamizi wa soko la fedha, zinawataka wauza bima za majengo ya aina hii waangalie maslahi ya wenye hati na kuweka wazi kamisheni. Dalali wa zamani alipoulizwa safari hii, alijibu.

Moto nao una sheria zake. Kampuni ya wenye hati ndiyo sasa mwenye wajibu wa usalama wa moto katika ngazi na korido, na tangu 1 Oktoba 2023 tathmini yote ya hatari lazima iwe kwa maandishi. Tathmini iliyokabidhiwa ilikuwa ya miaka minne nyuma, ikitaja milango miwili ya fleti isiyofunga sawasawa. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Mlango mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa fleti ya saba.

Mwenye ardhi, ikumbukwe, hakuondoka. Tangu siku hiyo ana haki ya kuwa mwanachama wa kampuni, na kwa fleti yake ana kura moja kati ya saba. Aliomba uanachama wiki ileile. Pango la ardhi analipwa yeye bado, na nguvu ya kumnyang'anya hati asiyelipa ni yake peke yake, kampuni hairithi nguvu hiyo. Mwenye hati akitaka ruhusa ya kubadilisha kuta za ndani, kampuni ndiyo inayotoa, lakini lazima impe mwenye ardhi notisi ya siku 30 kwanza.

Paa

Makadirio ya kulikarabati paa yalikuwa pauni 16,800, yaani pauni 2,400 kwa kila fungu la saba. Kazi yoyote inayomgharimu mwenye hati mmoja zaidi ya pauni 250 inadai mashauriano ya kifungu cha 20: notisi ya kusudio na siku 30 za maoni, kisha makadirio yasiyopungua mawili na siku 30 nyingine. Ukikiuka, huwezi kumtoza zaidi ya pauni 250, ila baraza likusamehe. Wajibu huo unaibana kampuni ya wenye hati kama ulivyombana mwenye ardhi. Namba 6 aliona uchungu. "Sisi ni majirani," alisema, "tumeshakubaliana kwenye ngazi, notisi za nini?" Lakini mzee wa namba 4 hakuwa amekubali chochote, na alikuwa na haki ya kusoma makadirio kabla ya kulipishwa.

Kwa hiyo kipupwe kilipita kwa kiraka. Fundi aliziba sehemu iliyovuja kwa pauni 1,400, ambayo ni pauni 200 kwa fungu, chini ya kiwango cha mashauriano. Mashauriano yenyewe yakaendeshwa Desemba hadi Februari. Pengo la fedha liliwalazimu wenye namba 1 na 3 kuikopesha kampuni kwa maandishi, bila riba, hadi Machi. Mwenye namba 5 aliposikia habari kutoka kwa mpangaji wake, alipiga simu kutoka Muscat, akamsalimu Mama kwa heshima zote, akauliza fomu ya uanachama inapatikana wapi.

Ankara za 25 Machi zilitoka kwa mara ya kwanza kwa jina la kampuni, kila moja ikiambatana na muhtasari wa haki za mlipaji ambao sheria inaulazimisha. Bila karatasi hiyo mtu anaruhusiwa kuzuia malipo. Sita zilikwenda kwa wenye hati. Ya saba ilikwenda kwa mwenye ardhi, na haikuitwa ada ya huduma kwa sababu si ada ya huduma. Iliandikwa kuwa ni deni la kifungu cha 103, hesabu ya gharama ikaambatanishwa. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba yeye hana hati wala mkataba wa kulipa. Barua ya pili ya Mama ilikuwa na maneno ya kifungu peke yake, aya mbili zilizonakiliwa, na tarehe ya kulipa. Fedha ziliingia Aprili, pamoja na fungu lake la paa.

Mzee wa namba 4 ndiye aliyebaki hajalipa. Simlaumu upesi. Katika maisha yake ameona kamati za majirani zikiwageuka majirani, na aliogopa kwamba watu anaokutana nao ngazini watajua shida zake za fedha. Hofu hiyo ni ya kweli. Wakala ni mgeni, jirani ni mtu unayemwamkia asubuhi. Kampuni ilifanya jambo ninaloliheshimu: madeni hayajadiliwi mkutanoni kwa majina, mwandishi wa hesabu pekee ndiye anayeyajua, na anayekwama huruhusiwa kulipa kwa mwezi. Sasa analipa pauni 150 kila mwezi kwa maandishi. Asingekubali, njia ilikuwa mahakama ya wilaya, na Mama alikuwa tayari kwenda.

Mafundi wa paa wameanza kazi. Linalowasumbua sasa ni lile la wakurugenzi. Wapo watatu, hakuna anayelipwa, na namba 1 anahama mwakani. Kila mwaka kampuni inapaswa kupeleka hesabu na taarifa kwa msajili wa makampuni. Isipopeleka, hatimaye jina hufutwa kwenye daftari, na likifutwa haki ya kusimamia inakoma papo hapo na jengo linarudi kwa mwenye ardhi. Kwa kawaida wenye fleti hawataweza kudai tena kwa kampuni nyingine mpaka miaka minne ipite. Wamekubaliana kumtafuta wakala wao wenyewe kwa mkataba usiozidi miezi 12, kwa kuwa mkataba mrefu zaidi ya huo, ukimgharimu mmoja zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, nao unadai mashauriano. Usaili wa mawakala wawili umepangwa jikoni kwa namba 3, na mzee wa namba 4 ameomba awepo.